Piquer Si Sindano

Lilongwe, Chilinde

Papa yangu mpenzi,

Salamu aleikum wewe na wote walio chini ya paa lako. Natumaini barua hii itakukuta umekaa kwenye kile kiti chako chenye mguu mmoja uliofungwa waya, mgongo umekuachia kidogo, na lile jino limekwisha kung'olewa badala ya kuombewa. Mimi mzima. Salima mjukuu wako mzima, amerefuka mpaka sketi ya shule nimeishusha pindo mara mbili na sasa hakuna pindo tena la kushusha. Kambini Dzaleka posho imepunguzwa na foleni ya maji ni ileile, lakini tunakula.

Utauliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Naandika kwa sababu kwa simu unanikatiza. Nikianza sentensi, unaimaliza wewe, na unaimalizia mahali nisipotaka kwenda. Karatasi haikatizwi. Mtoto wa mama mdogo Zaina, yule mfanyabiashara wa vitenge, anarudi Kindu, na ameniapia ataiweka mkononi mwako.

Nimeusikiliza ujumbe wako wa sauti mara nyingi. Ulisema hivi: "Mwamini, tia sinyatire, inamisha kichwa, rudia kushona. Kule si kwetu. Bakisema ulikata waya, sema nilikata, yaishe." Sauti yako ilikuwa ya mtu aliyechoka, na ilinihuzunisha. Halafu nikakasirika. Nisamehe, Papa, lakini nilikasirika sana. Sikutia sinyatire, jina langu sikuliandika kwenye karatasi yao. Sasa kaa vizuri nikueleze yote tangu mwanzo, maana kwa simu ulisikia nusu tu.

Unajua nilipata kazi ya kushona viti vya ndege. Kapteni mmoja wa kike, anaitwa Chisomo, Mmalawi, kijana bado, aliona viti vya kanisa nilivyovishona Dzaleka akauliza fundi ni nani. Nikaandikiwa barua ya ruhusa ya kutoka kambini, nikabeba cherehani yangu kwenye minibasi, nikapata pa kulala hapa Chilinde kwa mama mmoja anayeuza mandasi. Asubuhi naenda hanga, lile banda la ndege, jioni narudi nanuka gundi na ngozi.

Ndege yenyewe ina injini moja na viti sita, imezeeka, na imenunuliwa kutoka kwetu Kongo. Nilipofungua mlango nikasikia harufu ya petroli na vumbi jekundu, nikasimama pale na gunia langu la nyuzi kama mjinga, machozi yananitoka. Kisha nikatazama ubao wa saa mbele ya rubani, na nani ananitazama? Kiziwi! Kiziwi wako, Papa. Kile kisanduku cha zamani cha pilote otomatiki, kinachoshika usukani badala ya rubani, chenye vitufe vilivyolika na taa mbili ndogo, moja imeandikwa CABRER na nyingine PIQUER.

Wewe ndiye uliyempa jina hilo ulipokuwa ukitengeneza ndege kule uwanjani Kindu. Ulikuwa ukisema Kiziwi ni mtumishi mwaminifu lakini hasikii: ukimwonyesha mwelekeo mbaya ataufuata huohuo mpaka mafuta yaishe, kwa hiyo kila robo saa rubani amrekebishe kwa dira. Ukimwambia ashike urefu fulani ataushika, lakini gurudumu dogo la kusawazisha, lile la pembeni mwa goti, hawezi kuligusa. Hana mkono. Anachoweza ni kuwasha taa kuomba msaada. CABRER: nisaidie kuinua pua. PIQUER: nisaidie kushusha pua. Usipomsaidia atakaza peke yake kimyakimya, na siku ukimzima ghafla, uzito wote aliokuwa ameubeba unakurukia wewe mikononi.

Unakumbuka nilivyoyajua haya? Nilikuwa msichana wa shule, nakuletea sombe na ugali, na wewe kichwa kimeingia chini ya ubao, miguu tu ndiyo inaonekana. Unapiga kelele, "Vuta!" Mimi navuta usukani, nahesabu mpaka tatu, napiga kelele, "Piquer inawaka!" "Sukuma!" "Cabrer inawaka!" Sombe inapoa. Mama alikuwa akituona tumerudi na chakula kilichoganda, anasema wote wawili hatuna akili.

Basi. Juu ya maneno ya Kifaransa katika ile ndege walikuwa wamebandika vikaratasi vya tafsiri, kwa sababu hakuna anayejua Kifaransa pale; dereva mmoja aliyapeleka maneno kambini, yakarudi yameandikwa bila jina la mwandishi. Nikaanza kusoma. Mafuta, sawa. Breki, sawa. Nikafika kwenye taa za Kiziwi. Juu ya PIQUER kilikuwa kimebandikwa kikaratasi kizuri, mwandiko wa mtu aliyesoma: INJECTION, yaani sindano kwa Kiingereza.

Papa, nilicheka mpaka nikakaa chini. Niliutambua mwandiko ule. Ulikuwa wa Papa Ramazani, yule enfirmie mzee kutoka Kasongo, ambaye kambini ndiye mkalimani wetu wa kila kitu. Mtu aliyepiga watu sindano maisha yake yote, umpe neno piquer, ataandika nini? Hata mimi, kama baba yangu asingekuwa wewe, ningetafsiri kwa kazi yangu. Mafundi wa kushona wa kwetu wakisema piquer ni kupitisha nguo kwenye mashine. Ningeandika "shona", na ndege ingeruka hivyo.

Halafu kicheko kikaisha, kwa sababu nilikumbuka kwamba injini ile nayo ina injection yake, ile inayoisukumia mafuta. Rubani akiona taa imewaka chini ya neno lile, atafikiri injini inaumwa.

Nikamwendea fundi mkuu wa hanga, ambaye wote wanamwita Injinia. Nikamweleza kwa Chichewa changu cha kuokoteza na Kiingereza cha kukopa. Hakuinua hata macho. Akasema, "Telala, viti ni vyako. Ubao wa saa ni wangu." Telala ni mshonaji kwa lugha yao. Si tusi, lakini alilitamka kama tusi.

Jumamosi nikarudi Dzaleka kumwona Papa Ramazani. Nikamkuta mbele ya nyumba anachambua maharagwe. Nikamweleza taratibu, kwa heshima. Akaniangalia juu ya miwani.

"We mutoto," akasema, "mi nilipiga bantu piquer miaka na miaka. Hata Salima wako nilimupiga, na akalia. Leo njo unakuja kunifunza piquer iko nini?"

"Papa Ramazani, kwa hospitali iko sindano. Kwa ndege iko kushusha pua."

"Ndege iko na pua?"

"Iko nayo."

"Basi siku itashikwa na mafua bataniita." Akacheka peke yake, akarudia maharagwe yake. "Ile neno niliangalia kwa dictionnaire. Enda ushone, mama."

Kwa hiyo, Papa, wazee wawili wa nchi mbili waliniambia nishone. Na wewe ukawa wa tatu.

Jumatatu Kapteni Chisomo akaipaisha ndege kwa majaribio. Mimi nilikuwa mlangoni mwa hanga nashona mfuko wa mgongo wa kiti. Haikupita muda mrefu nikasikia injini inarudi, inakohoa. Ndege ikatua vibaya, ikaruka mara moja, ikatulia. Kapteni akashuka, akaegemea bawa. Nikampelekea maji.

Alinieleza baadaye. Alipofika juu alimwachia Kiziwi ashike urefu. Ndege ikaongeza mwendo, pua ikataka kupanda, Kiziwi akaikandamiza, na bila shaka akawasha taa yake ya kuomba msaada. Kapteni akasoma INJECTION. Akafikiri mafuta hayafiki, akawasha pampu kubwa, injini ikalewa mafuta ikaanza kukohoa, naye akaona ndiyo kweli inakufa. Akamzima Kiziwi arudi haraka. Pua ikaruka juu. Aliikamata, lakini kidogo tu, Papa. Ni msichana hodari, na alikuwa peke yake mle ndani.

Injinia akaifungua injini siku mbili nzima, akatoa kila kipande cha injection, akakiosha, akakitazama kwa miwani ya kukuza. Hakuna ubaya. Siku ya tatu akanitazama mimi. Viti vilikuwa vimetolewa, si ndiyo? Nani alitambaa chini pale na mkasi? Telala. Mkimbizi. Ikaandikwa karatasi kwa Kiingereza kwamba mimi, Mwamini, nilikata waya chini ya kiti cha kulia, na chini yake mstari wa sinyatire. Nikitia, niondoke kimya na hakuna atakayeniripoti. Nikikataa, watapeleka habari kambini na barua yangu ya ruhusa haitaongezwa tena.

Hapo ndipo nilipokutumia ujumbe, na hapo ndipo uliponijibu inamisha kichwa.

Nilikaa na jibu lako, Papa. Sitaki ufikiri nililidharau. Nilijua unaogopa nini. Ruhusa ile ndiyo kazi, na kazi ndiyo sketi ya Salima. Lakini nikajiuliza: nikikubali kwamba nilikata waya, nani atanipa kiti kingine nishone? Nani kambini atanipa hata suruali? Jina langu ndilo cherehani yangu ya pili. Tena kile kikaratasi kitabaki pale, na msichana yule atapaa tena.

Asubuhi nikaingia hanga na karatasi yao imekunjwa mkononi. Injinia akanipa kalamu. Nikaipokea, nikaichomeka kwenye nywele zangu. Nikamwambia Kapteni, aliyekuwa amesimama karibu na bawa, "Nipe dakika tano na betri. Injini usiwashe. Funguo abaki nazo Injinia mfukoni mwake."

Injinia akaanza kupiga kelele. Kapteni akanitazama, akatazama kalamu kichwani mwangu, akasema, "Mwacheni."

Nikakaa kiti cha kulia, kiti nilichokishona mwenyewe. Kapteni akakaa kushoto. Betri ikawashwa. Nikasubiri Kiziwi aamke vizuri, maana ulinifundisha kwamba ukimharakisha ananuna. Nikabonyeza kitufe, nikabonyeza cha kushika urefu. Nikamwambia Kapteni, "Vuta usukani polepole." Akavuta. Nikahesabu kwa sauti, kwa Kiswahili chetu, moja, mbili, tatu. Taa ikawaka. INJECTION.

Nikamgeukia Injinia aliyekuwa dirishani. "Injini imelala. Funguo unazo wewe. Hii ni sindano gani?"

Akaupapasa mfuko wake wenye funguo.

"Sukuma," nikamwambia Kapteni. Moja, mbili, tatu. Ile nyingine ikawaka, na ya kwanza ilikuwa imezimika. "Hazisemi habari za injini. Zinakuomba mkono. Hii pua chini, hii pua juu. Na hakuna waya uliokatwa, kwa sababu zote mbili zinawaka."

Kapteni akarudia peke yake, vuta, sukuma, vuta. Akakibandua kile kikaratasi kwa kucha, akakibandika juu ya goti lake, akakitazama muda mrefu. Papa, nilitamani ungekuwa chini ya ubao ule, miguu yako tu inaonekana.

Unafikiri iliishia hapo? Injinia akasema, "Sawa. Nani aliandika hivyo? Nataka jina."

Jina nilikuwa nalo. Lilikuwa kwenye ulimi. Lakini Papa Ramazani ndiye aliyekaa na Salima homa ilipomkamata, na ukalimani ndio unaomlisha. Nikasema, "Aliandika mtu ambaye neno lile kwake lina maana nyingine." Injinia akacheka, akasema sisi wakimbizi tunafichana, na karatasi bado inangoja sinyatire.

Nikatoka nje, nikampigia Papa Ramazani simu, nikamweleza yote. Nikasikia maharagwe yanamwagwa kwenye sufuria.

"Taa iliwaka na injini imezima?"

"Iliwaka, papa."

"Na ule mutoto wa kike karibu afe?"

"Karibu."

Akasema, "Rudia ndani. Weka haut-parleur. Mi niko muzee, siko mwoga."

Nikarudi, nikafungua spika, nikaiweka simu juu ya bawa. Papa Ramazani akazungumza Kiingereza cha polepole, kila neno limepigwa pasi, mbele ya hanga nzima: neno lile ni lake, kosa ni lake, alikuwa muuguzi na si mtu wa ndege, mshonaji alikuja kumwonya nyumbani kwake naye akamcheka. Tena anaomba msamaha kwa kapteni. Alipomaliza akaongeza kwa Kiswahili, kwangu mimi, "Sasa baambie basikutese tena. Na ukirudia, kuja unifunze ile ya pua."

Kapteni akaishika ile simu kwa mikono miwili na kumshukuru kwa lugha yao, "Zikomo, bambo, zikomo kwambiri." Injinia akaenda kunawa mikono. Alinawa muda mrefu kwa mtu ambaye hakuwa ameshika kitu. Mpaka leo hajaniomba radhi, ila sasa ananiita kwa jina, na analikosea.

Kesho yake Kapteni akasema ataruka tena, na mimi nitakaa kiti cha kulia. Nikamwambia mimi ni telala. Akasema anajua. Papa, nilipanda. Nilivaa kile kitenge cha bluu cha Mama. Tulielekea kaskazini, upande wa Dowa, na baada ya muda mfupi nikaona mabati yanang'aa, mengi, yamebanana, na njia za vumbi katikati. Ilikuwa Dzaleka. Miaka yote hii nimeijua kwa miguu, kwa foleni, kwa matope, na sasa inaenea chini ya kiganja changu. Nikatafuta nyumba yetu sikuiona. Nikalia, na sikuona haya.

Tulipotulia juu, Kiziwi akashika kazi, mwendo ukaongezeka, na PIQUER ikawaka. Kapteni hakushtuka. Akalizungusha gurudumu dogo mbele kidogo, taa ikazimika. Robo saa ilipofika akarekebisha mwelekeo kwa dira bila kuambiwa. Wakati wa kurudi alipunguza mwendo, taa nyingine ikawaka, akaniangalia na kusema, "Wewe." Nikanyoosha mkono, nikalizungusha nyuma polepole mpaka nayo ikazimika. Kisha akaushika usukani kwa nguvu kabla ya kumzima Kiziwi, na hakuna kilichoruka. Tulitua kama mtu anayekaa kwenye mkeka.

Vile vikaratasi vimetolewa vyote. Kwenye kile kibao cha kuzuia jua mbele ya rubani nimeshona kifuko cha ngozi, na juu yake nimetarizi kwa uzi mwekundu maneno ya Chichewa ambayo Kapteni aliniandikia herufi kwa herufi: pua juu, pua chini. Papa Ramazani amenitumia salamu kwamba anataka picha ya kifuko hicho. Barua ya ruhusa sijui kama itaongezwa. Kapteni ameniombea, ofisi haijajibu. Ikikataliwa nitashona Dzaleka kwa mlango wazi, na anayetaka kusema nilikata waya aje aseme mbele yangu.

Nisalimie kaka Shabani, mwambie aache kukubebesha maji na mgongo ule. Nisalimie mama mdogo Zaina, na shangazi wa ng'ambo ya mto aliyenifundisha kushika sindano, mwambie sindano zake bado ninazo. Pita kwenye kaburi la Mama, umwambie siku niliyoruka na Kapteni tulikula chakula kingali cha moto.

Na wewe, Papa, usinikasirikie. Ulinifundisha mwenyewe, kichwa chini ya ubao, kwamba cabrer ikiwaka, mtu hashushi pua. Iliwaka. Na si kwenye ndege tu.

Ukurasa huu wa mwisho ugeuze. Utaona maandishi ya Kiingereza ya mashine, ndiyo ile karatasi yao, na chini yake mstari wa sinyatire. Angalia vizuri: uko mtupu, na utabaki hivyo. Sinyatire yangu, ile uliyotaka niitie, nimeitia upande huu.

Binti yako,
Mwamini